Udhibiti wa Kasi ya Kufunguka na Kufungika kwa Vali Zinazoendeshwa kwa Hewa Iliyoshindiliwa: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mazingira ya Lyamkena, Makambako

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kasi ya kufunguka na kufungika kwa vali zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa inavyoweza kudhibitiwa, na sababu zinazofanya udhibiti huo uwe suala la usalama. Mazingira yanayorejelewa ni kata ya Lyamkena katika mji wa Makambako, mkoani Njombe, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hupita kwenye mwinuko mkubwa na hukutana na barabara ya Songea. Hoja mbili zinajengwa. Kwanza, Kiswahili kinachotumika katika gereji kina utata katika kitenzi “kufunga”, na utata huo unaweza kumfanya fundi abane upande usiostahili kubanwa. Pili, mwinuko wa nyanda za juu hubadilisha kwa kiasi kidogo tu kasi ya vali yenyewe, ilhali hubadilisha kwa kiasi kikubwa uwezo wa kompresa kurudisha hewa iliyotumika. Mifano inatoka kwenye breki za malori na kwenye mabomba ya kusafirishia vimiminika.

1.0 Utangulizi

Lori lenye trela linalopanda kutoka Iringa kuelekea Mbeya hufika Makambako likiwa limetumia breki zake mara nyingi. Kila mara dereva anapokanyaga pedali, hewa hutoka kwenye tangi, hupita kwenye vali kadhaa, huingia kwenye chemba za breki, kisha humwagwa nje pedali inapoachiwa. Katika lugha ya kila siku hewa hiyo huitwa upepo: breki za upepo, tangi la upepo, upepo umeisha. Jina hilo limekaa vizuri, kwa kuwa linabeba wazo la kitu kinachosafiri, na katika mfumo huu kinachotawala kila kitu ni safari ya hewa na muda inayouchukua.

Vali inayoendeshwa kwa hewa ni vali ambayo mlango wake hausogezwi kwa mkono wala kwa mota, bali kwa pistoni au kiwambo cha mpira kinachosukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Vali za namna hii zimo katika viwanda vya maziwa, karatasi na chai, katika vituo vya kusukumia mafuta na katika mitambo ya kusafishia maji. Zimo pia chini ya kila lori zito, ingawa huko mara chache hutajwa kwa jina hilo. Vali ya rilei iliyo karibu na ekseli ya trela ni mfano kamili: hewa kidogo inayotoka kwenye pedali hufungua mlango mkubwa unaopitisha hewa nyingi kutoka kwenye tangi la trela lenyewe.

Swali la kasi hujitokeza kwa sababu vali ya aina hii, isipodhibitiwa, hufunguka au hufungika kwa kasi yoyote ambayo hewa itairuhusu. Mahali pengine kasi hiyo ni ndogo mno na mahali pengine ni kubwa mno. Breki ikichelewa kushika, lori hugonga. Kwenye bomba la maji hatari ni kinyume chake, kwa kuwa vali inayoziba ghafla inaweza kupasua bomba. Mbinu za kudhibiti hali zote mbili ni zilezile, na ndiyo maana zinaelezwa hapa kwa pamoja.

2.0 Utata wa “kufunga” na “kufungua”

Kabla ya kuingia kwenye ufundi wenyewe, suala la istilahi linahitaji kuwekwa wazi, kwa sababu maelezo mengi hupotea hapa. Kisarufi, “fungua” ni kauli ya kutendua inayotokana na “funga”. Msemaji wa Kiswahili kwa hiyo huyaona matendo hayo mawili kama jozi iliyo wazi, ambamo moja hulifuta lingine. Katika mlango wa nyumba hakuna tatizo. Katika vali, yapo matumizi matatu ya “kufunga” yanayogongana.

Tumizi la kwanza ni kuziba njia: vali imefungwa, hewa haipiti. La pili ni kuweka kifaa mahali pake: fundi amefunga vali mpya kwenye trela. La tatu ni kusimamisha chombo: dereva amefunga breki. Tumizi hili la tatu ndilo lenye madhara. Dereva anapofunga breki, vali ya pedali na vali ya rilei hufunguka ili hewa ipite. Anapoachia breki, mlango wa kuingizia hewa huziba na ule wa kumwaga nje hufunguka. Fundi akiambiwa kwamba breki “inachelewa kufunga”, anaweza kwenda kuchunguza tundu la kumwagia hewa, ilhali kasoro iko kwenye njia ya kuingizia. Mtu anayesikia “kasi ya kufunga vali” anaweza hata kudhani kwamba kinachozungumzwa ni muda wa kazi ya fundi.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi kwamba istilahi za fizikia zimekuwapo katika Kiswahili kwa zaidi ya miongo mitatu. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni vitenzi vya karakana, kwa kuwa nomino huazimwa au kusanifiwa, lakini kitenzi kilichozoeleka huingia kwenye maelezo bila kuhojiwa. Katika makala haya “kufungika” na “kufunguka” vinatumika kwa mlango wa vali pekee. Kwa breki vinatumika “kushika” na “kuachia”, ambavyo tayari vimo vinywani mwa madereva. Neno “kubana” linatumika kwa kitendo cha kupunguza upenyo wa njia ya hewa bila kuuziba.

Hapo panazaliwa utata mwingine mdogo. Skrubu ya kibanio ikikazwa, vali huwa polepole zaidi. Mwanafunzi mgeni hutarajia kinyume, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida kukaza kitu ni kukiongezea nguvu.

3.0 Hewa inavyotembea kwenye tundu dogo

Kasi ya kiendeshi cha hewa hutegemea vitu vitatu: ujazo wa chemba, ukubwa wa tundu ambalo hewa hupitia, na tofauti ya mgandamizo baina ya pande mbili za tundu hilo. Kilicho rahisi kubadilisha ni tundu, na kwa sababu hiyo karibu mbinu zote za kudhibiti kasi ni mbinu za kubadilisha tundu.

Hewa ina tabia moja ambayo maji hayana. Mgandamizo wa upande wa kutokea ukishuka chini ya takribani asilimia 53 ya mgandamizo wa upande wa kuingilia, hewa iliyo katikati ya tundu hufikia kasi ya sauti, na haiwezi kuizidi hata upande wa pili ukishushwa zaidi. Kuanzia hapo, kiasi cha hewa kinachopita hutegemea mgandamizo wa nyuma tu. Huu ndio mtiririko wa kikomo. Mgandamizo unaohesabiwa hapa ni mgandamizo kamili, yaani ule wa geji ukijumlishwa na ule wa angahewa, na kosa la kusahau angahewa ndilo linaloharibu hesabu nyingi za wanafunzi.

Kiwango cha kimataifa ISO 6358 hupima uwezo wa tundu kwa lita za hewa kwa sekunde kwa kila baa moja ya mgandamizo kamili wa kuingilia. Chukua kiendeshi chenye chemba ya lita 2 na kibanio chenye uwezo wa lita 0.5 kwa sekunde kwa baa. Ukigawa 2 kwa 0.5 unapata sekunde 4, na huo ndio muda unaotawala kushuka kwa mgandamizo maadamu mtiririko uko kwenye kikomo: kila sekunde 4 mgandamizo kamili hubaki takribani asilimia 37 ya ulivyokuwa. Tundu likipunguzwa nusu, muda huongezeka mara mbili. Hesabu hii inachukulia kwamba ujazo wa chemba haubadiliki wakati pistoni inasogea, jambo ambalo si kweli, lakini inatosha kumwelekeza mtu achague kibanio cha ukubwa gani.

Wazo la kutawala mfumo mzima kwa tundu dogo ni la zamani kuliko lori. Breki ya hewa ya treni ya George Westinghouse ilipata hataza mwaka 1869, na vali yake ya njia tatu, iliyotegemea kushuka kwa mgandamizo katika bomba la treni, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1870. Katika breki za treni za mfumo wa UIC, behewa huweza kuwekwa kwenye mkao wa abiria au wa mizigo. Katika mkao wa abiria silinda hujaa kwa sekunde 3 hadi 5 na huachia kwa sekunde 15 hadi 20. Katika mkao wa mizigo hujaa kwa sekunde 18 hadi 30 na huachia kwa sekunde 45 hadi 60. Tofauti yote hiyo huletwa na upenyo mwembamba unaochaguliwa kwa mkono mmoja wa chuma ubavuni mwa behewa. Treni ndefu ya mizigo hucheleweshwa kwa makusudi, kwa sababu mabehewa ya mbele yakishika kabla ya yale ya nyuma kupata habari, ya nyuma huyasukuma ya mbele kwa kishindo.

4.0 Mahali pa kuweka kibanio

Kifaa cha kawaida ni kibanio cha njia moja. Ndani yake mna njia mbili zilizowekwa sambamba: moja ina sindano inayorekebishwa kwa skrubu, nyingine ina vali ya njia moja. Hewa ikija kutoka upande mmoja hupita kote bila kizuizi. Ikija kutoka upande wa pili hulazimika kupita kwenye sindano. Kwa kifaa hiki kasi ya kwenda inaweza kutofautishwa na kasi ya kurudi.

Kwa kiendeshi chenye hewa pande zote mbili za pistoni, kanuni inayokubalika ni kubana hewa inayotoka badala ya ile inayoingia. Sababu yake ni msuguano. Pistoni iliyosimama huhitaji nguvu kubwa zaidi kuanza kusogea kuliko inavyohitaji kuendelea. Hewa inayoingia ikibanwa, mgandamizo hupanda taratibu hadi pistoni inapojing’oa. Inapojing’oa huruka mbele, chemba hupanuka, mgandamizo huanguka, pistoni husimama tena. Mlango wa vali hutembea kwa kushtukashtuka. Hewa inayotoka ikibanwa, pistoni huwa imeshikwa baina ya mito miwili ya hewa na husogea kwa utulivu.

Kiendeshi chenye springi kina chemba moja tu ya hewa. Hewa humiminwa ili kuisukuma springi, na hewa ikiondolewa, springi hurudisha mlango. Hapa kanuni iliyotangulia haitoshi, kwa kuwa upande wa pili hauna hewa ya kubanwa. Vali ya solenoidi inayolisha kiendeshi hicho ina sehemu tatu ambapo kibanio kinaweza kuwekwa, na kila sehemu ina matokeo yake. Kikiwekwa kwenye tundu la kumwagia hewa, hupunguza kasi ya kurudi kwa springi pekee. Kikiwekwa baina ya solenoidi na kiendeshi, hupunguza kasi ya kwenda na ya kurudi, isipokuwa kiwe cha njia moja. Kikiwekwa kwenye mlango wa kuingizia hewa, hupunguza kasi ya kwenda pekee, lakini sehemu hii ni ya hatari. Solenoidi nyingi husaidiwa na hewa ileile inayopita ndani yake kusogeza kiini chake; hewa hiyo ikibanwa kabla ya kufika, mgandamizo wa ndani unaweza kushuka chini ya kiwango kinachohitajika na kiini kikakwama katikati, kikivujisha hewa bila kusogeza kitu. Ni afadhali kibanio kiwe baada ya solenoidi kuliko kabla yake.

Lipo jambo zito zaidi kuhusu springi. Vali ya namna hii huchaguliwa mara nyingi kwa sababu hewa ikikosekana hujirudisha yenyewe kwenye hali salama. Kibanio cha kwenye tundu la kumwagia hewa kikikazwa hadi mwisho, springi hubaki inasukumana na hewa iliyofungiwa, na vali ya usalama huwa ni vali kwa jina tu. Kiziba sauti cha shaba kilichojaa vumbi na mafuta huleta matokeo yaleyale bila mtu yeyote kugusa skrubu. Katika sehemu zenye vumbi jingi, fundi aliyechoshwa na vizibasauti vinavyoziba huving’oa na kuacha tundu wazi, na vumbi huingia kwenye kiini. Suluhisho lenye mantiki ni kibanio chenye tundu dogo lisilozibika kabisa hata skrubu ikikazwa hadi mwisho, tundu linalotazama chini, na nati ya kufungia skrubu ili mtetemo wa mashine usibadilishe kipimo.

Panapotakiwa kasi kubwa badala ya ndogo, hutumika vali ya kuachia haraka. Huwekwa karibu kabisa na chemba, na hewa inayotoka hutokea hapohapo badala ya kurudi safari yote hadi kwenye pedali au solenoidi.

5.0 Mwinuko wa Makambako na hesabu yake

Makambako iko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kwa mita 1,650, angahewa sanifu lina mgandamizo wa takribani kilopaskali 83, wakati pwani ya Dar es Salaam ni kilopaskali 101.3. Dhana inayokuja haraka ni kwamba vifaa vya hewa huku juu lazima viwe “vizito” kwa kiasi hicho hicho, yaani karibu theluthi moja ya nusu, au asilimia 18. Hesabu inaonyesha vinginevyo.

Nguvu ya kiwambo au pistoni hutokana na tofauti baina ya mgandamizo wa ndani na wa nje, na hiyo ndiyo inayosomwa kwenye geji. Geji ikisoma kilopaskali 600, nguvu ni ileile Makambako na Dar es Salaam. Kuhusu kasi ya kumwaga hewa, chukua kiendeshi cha lita 2 kilichotajwa juu, kikishuka kutoka kilopaskali 600 hadi 100 za geji. Pwani mgandamizo kamili hushuka kutoka 701 hadi 201. Makambako hushuka kutoka 683 hadi 183. Katika sehemu zote mbili mtiririko hubaki kwenye kikomo muda wote. Pwani safari hiyo huchukua takribani sekunde 5.0, Makambako takribani sekunde 5.3. Tofauti haifiki hata asilimia 6, na nusu mzunguko wa skrubu unaweza kuizidi.

Kompresa ina habari tofauti. Kwa kila mpigo huvuta ujazo uleule wa hewa, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, na kwa joto lilelile uzito wake ni asilimia 82 tu ya ule wa pwani. Kiasi cha hewa kinachohitajika kupandisha tangi kutoka sifuri hadi kilopaskali 600 za geji hakibadiliki kwa mwinuko. Kwa hiyo muda wa kujaza huongezeka kwa angalau asilimia 22. Uwiano wa kushindilia nao hupanda kutoka takribani 6.9 hadi 8.2, hali inayopunguza ufanisi zaidi na kuongeza joto la kichwa cha kompresa. Ubaridi wa nyanda za juu hurudisha sehemu ndogo ya hasara hiyo, na kompresa inayolishwa hewa iliyokwisha kupitia kwenye tabo ya injini haiathiriki kwa kiwango hicho. Hata hivyo, kwa kompresa inayovuta hewa ya kawaida, tatizo la mwinuko ni tatizo la tangi kuchelewa kujaa. Fundi anayelegeza vibanio ili “kufidia mwinuko” anatibu mahali pasipougua.

Maji ndiyo adui mwingine. Hewa ya nyuzijoto 20 huweza kubeba takribani gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikiwa unyevu wake ni asilimia 60, kila mita ya ujazo huingia kwenye kompresa na gramu 10 hivi. Mita 8.2 za ujazo zinaposhindiliwa kuwa moja na kupoa kurudi nyuzijoto 20, gramu 85 zimeingia na 17 tu zinaweza kubaki kama mvuke; zilizosalia huwa maji ndani ya tangi. Usiku wa Juni au Julai joto likishuka hadi nyuzijoto 5, hata hizo 17 hupungua hadi 7 hivi. Matone yanayobaki kwenye sindano ya kibanio hubadilisha upenyo wake, na chuma cha tangi hutoa kutu inayosafiri pamoja nayo. Vali iliyopimwa saa nane mchana haitaonyesha kipimo kilekile saa kumi na mbili asubuhi. Kumwaga maji ya tangi kila siku na kubadilisha kikaushio cha hewa kwa wakati ni sehemu ya udhibiti wa kasi, ingawa maelezo mengi huviweka chini ya matengenezo ya kawaida.

6.0 Breki ya lori na trela

Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki inataka mgandamizo katika chemba ya breki iliyo mahali pabaya zaidi ufikie asilimia 75 ya kiwango chake cha mwisho ndani ya sekunde 0.6 baada ya pedali kukanyagwa haraka. Kwa trela, muda unaohesabiwa kutoka kwenye kiungo chake na lori ni sekunde 0.4. Kwa kilomita 80 kwa saa, lori husafiri zaidi ya mita 13 katika sekunde 0.6.

Ucheleweshaji huo mwingi hautokani na umbali. Ishara ya mgandamizo husafiri kwa kasi ya sauti, na mita 20 za mpira huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Kinachochelewa ni kujaza ujazo. Ndiyo maana vali ya rilei huwekwa karibu na ekseli na kulishwa na tangi lililo jirani: mpira mrefu hubeba ishara tu, na hewa yenye kazi husafiri umbali mfupi. Kiungo chembamba kilichofungwa kwa sababu kile sahihi hakikupatikana dukani, au mpira uliojikunja, ni kibanio ambacho hakuna aliyekikusudia. Kikiwa kwenye mpira wa ishara, breki za trela hushika baada ya zile za lori, na trela iliyosheheni huisukuma kichwa cha lori kutoka nyuma. Kwenye barabara yenye utelezi na kona, msukumo huo unaweza kukikunja kichwa kuelekea trela.

Upande wa kuachia hupewa uzito mdogo isivyostahili. Tundu la vali ya kuachia haraka likizibwa na tope, viatu vya breki hubaki vikigusa ngoma baada ya pedali kuachiwa. Kwenye tambarare dereva huona tu kwamba gari ni zito. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, ngoma hupata joto, msuguano wa viatu hupungua, dereva hukanyaga zaidi, na hewa zaidi hutumika. Kukanyaga na kuachia mara kwa mara hula hewa kwa kasi kuliko kushikilia kwa utulivu, kwa kuwa kila kuachia humwaga hewa yote ya chemba. Hapo ndipo asilimia 22 za kompresa zinapodai malipo. Hewa ya tangi ikishuka mno, breki za springi za maegesho huanza kushika zenyewe. Hiyo ni hali salama kwa muundo, lakini haichagui mahali: inaweza kulisimamisha lori katikati ya kona.

7.0 Bomba refu na vali inayoziba haraka

Kwenye mabomba hatari hugeuka. Kimiminika kinachotembea kina mwendo ambao lazima uende mahali fulani unaposimamishwa. Mwaka 1898 Nikolai Joukowsky wa Moscow alionyesha kwamba kusimama kwa ghafla huongeza mgandamizo kwa kiasi cha msongamano wa kimiminika, kikizidishwa kwa kasi ya wimbi ndani ya bomba, kikizidishwa kwa kasi iliyopotea. Maji yanayotembea mita 1.5 kwa sekunde katika bomba la chuma, ambamo wimbi husafiri takribani mita 1,200 kwa sekunde, huongeza kilopaskali 1,800. Katika bomba la plastiki, ambako wimbi husafiri mita 350 hivi kwa sekunde, ongezeko ni kilopaskali 525. Miradi ya maji ya mserereko, iliyozoeleka katika milima ya Njombe, hutumia kwa sehemu kubwa vali za mkono, lakini bomba halijui kama vali imezibwa kwa mkono au kwa hewa.

Kuziba huhesabiwa kuwa “ghafla” ikiwa kumekamilika kabla wimbi halijaenda hadi mwisho wa bomba na kurudi. Kwa bomba la dizeli la mita 1,000, ambamo wimbi husafiri mita 1,100 kwa sekunde, muda huo ni sekunde 1.8, kiendeshi chenye kibanio kizuri huuzidi kwa urahisi. Kwa kilomita 100, muda ni dakika 3. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968 na linalosafirisha dizeli tangu 2023, lina urefu wa takribani kilomita 1,710 na kwa kiasi kikubwa hufuata ushoroba uleule wa barabara kuu inayopita Makambako. Katika mabomba ya urefu wa namna hiyo, vali inayoziba kwa dakika nzima bado, kwa macho ya bomba, imeziba ghafla. Kibanio peke yake hakitoshi. Inabidi pampu zisimamishwe kwa mpangilio na vali hiyo, na pawepo vali za kupunguzia mgandamizo.

Kuna udanganyifu mwingine katika kupima muda wa vali. Vali ya kipepeo au ya tufe haipunguzi mtiririko kwa usawa na mzunguko wake. Katika bomba refu, ambamo msuguano wa bomba lenyewe ni mkubwa, mtiririko haupungui sana hadi mlango unapokuwa karibu kuziba, na sehemu kubwa ya kusimamisha hutokea katika robo ya mwisho ya safari. Vali iliyopimwa kuwa inaziba kwa sekunde 20 inaweza kuwa inausimamisha mtiririko kwa sekunde 5. Kwa hiyo hutumika mpango wa kasi mbili: vali ya pili, inayosukumwa na nundu iliyo kwenye mhimili wa kiendeshi, huacha hewa itoke bila kizuizi hadi mlango ufike takribani asilimia 75 ya safari ya kuziba, kisha huielekeza kwenye kibanio chembamba. Kipimo chenye maana katika ukaguzi ni saa mbili zinazosomwa kwa pamoja, moja ya safari nzima na nyingine ya robo ya mwisho, zikichukuliwa bomba likiwa na kimiminika kinachotembea, kwa kuwa msukumo wa kimiminika juu ya mlango nao hubadilisha kasi ambayo hewa ingeutembeza mlango ukiwa mtupu.